Mashine ya Kipushi Iliyokufa Kila Asubuhi

Safari ya Kipushi ilinigharimu shati jeupe moja, bisibisi mbili nzuri, mche mzima wa sabuni, na goti la kushoto ambalo hadi leo likikunjwa hulalamika. Fedha sizitaji. Zaire ninazoandika hapa juu ya ukurasa, ukifika chini zitakuwa hazinunui tena kitu kile kile, nami sipendi kumdanganya msomaji kwa tarakimu. Lakini vitu nimevihesabu mara mbili, na mara zote mbili shati halikuwemo.

Nawaandikia ninyi mafundi wenzangu mliobaki Lubumbashi, hasa wawili kati yenu, ambao mnajijua.

Mnajua jinsi mambo yalivyoanza. Patron wetu, Sitwayen Ilunga, kama raia wote tunavyoitwa siku hizi, kabla hajakabidhiwa karakana alikuwa akiuza bia, na mpaka leo ukimpa bisibisi huitazama kama kifungulio. Siku ile alituita wote akasema mashine ya kunakili ya biro, yaani ofisi, ya mgodi kule Kipushi imekufa tena. Imetengenezwa mara nne tangu baridi ianze. Kila fundi aliyekwenda alirudi akisema imepona, na kila mara, kabla fundi hajaoga, simu ililia. Mmoja wenu akasema kifua kinambana. Mwingine akasema mke wake amejifungua, habari njema ambayo tulikuwa tumeisherehekea miezi miwili kabla. Nikabaki mimi.

Sikukubali bure. Niliomba gari, nikapewa nafasi juu ya lori la unga wa mahindi. Niliomba posho ya siku tatu ili nipate ya siku mbili, nikapewa ya siku moja, na jina la fundi cherehani wa kule ambaye angenilaza. Ndipo nilipofahamu kwamba patron, bisibisi haijui, lakini bei ameshajifunza.

Jumanne asubuhi tuliondoka. Baridi ya mwezi wa sita mnaijua: inapita kwenye koti kama mtu mwenye ruhusa. Tuliuacha nyuma moshi wa bomba kubwa na kilima cheusi cha mabaki ya shaba iliyoyeyushwa, tukaingia barabara ya Kipushi, vichuguu virefu kama nyumba upande huu na upande ule, na wauza makala, makaa ya kupikia, wakisukuma baiskeli zao kuelekea mjini, magunia yamepita kimo cha vichwa vyao. Dereva alinihurumia akanishusha kutoka juu ya magunia, akaniketisha mbele. Bei ya huruma hiyo ilikuwa hadithi. Aliona sanduku langu, akataka kujua ni dawa gani ninayopeleka.

Nikamweleza kwamba mimi ni daktari wa mashine za biro, na kwa kuwa njia ilikuwa na mashimo mengi na tulikwenda polepole, nikamsimulia wagonjwa wangu wabaya kuliko wote. Ile ya masista, iliyokuwa ikinuka nyama kila ikipata joto, mpaka nilipoifungua nikakuta mijusi watatu wamekaushwa vizuri kama bitoyo, wale samaki wa chumvi wa sokoni. Ile ya kinu cha unga, ambayo nakala zake zilitoka kama picha za ukungu, kwa sababu unga mweupe wa mahindi ulikuwa umeingia kwenye unga mweusi wa mashine na vyote viwili vilikuwa vimeoana. Na ile ya biro moja ya serikali, sitaji wapi, ambako unga mweusi ulipokwisha, karani alitwanga makala kwenye kinu cha mke wake, akayachekecha kwa kitambaa, akayamimina ndani. Aliyachekecha vizuri, sina la kumlaumu. Ila silinda, ambayo ngozi yake inatakiwa iwe laini kama jicho, ilikuwa imekwaruzwa kama mguu wa kuku.

Dereva alicheka mpaka akakosa gia. Kisha akatoa hukumu yake.

"Fundi, mashini haina roho. Ni bantu njo banaiharibishaka."

Nikamwambia amesema kweli. Na hapo ndipo nilipokosea njia, ingawa lori lilikuwa limeshika njia sawasawa. Kabla ya kuiona mashine ya Kipushi nilikuwa nimeshaamua kwamba nyuma yake kuna mkono wa mtu, na kazi iliyobaki ni kujua ni wa nani.

Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari alitaka sanduku lifunguliwe. Akaona kopo la unga mweusi, akarudi nyuma hatua moja. Nilimweleza kwamba si baruti, ni wino mkavu, mashine inauyeyusha kwa joto ushike karatasi. Akaingiza kidole kuhakikisha. Kidole kikawa cheusi. Akakipangusa kwenye kiganja, na kiganja kwenye pua, ambayo ilikuwa ikimwasha. Tukaanza kujadiliana. Yeye alitaka faini kwa sababu nimemchafua, mimi nikasema kidole kilikuwa chake. Tulimalizia kwenye sabuni: mche wangu wote, si nusu, maana kila alipojitazama kwenye kioo cha lori bei ilipanda.

Saa saba mchana tulifika Kipushi. Gurudumu la mgodi lilikuwa linazunguka juu ya mnara wake, na wafanyakazi wa zamu walikuwa wanatoka na taa mikononi. Biro ni nyumba ndefu iliyojengwa na Wabelgiji, paa la bati jekundu, na sakafu ya mbao iliyonyanyuliwa juu ya ghala la chini. Ukiingia unaingia ukumbini, na mwisho wa ukumbi kuna ukuta mwembamba wa mbao, na nyuma ya ukuta huo, chumba cha mashine.

Shefu wa biro, Sitwayen Mulunda, alinipokea akiwa amevaa abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi kiasi kwamba ungeweza kukatia mkate. Ana kikohozi cha baridi, na macho ya mtu anayesoma karatasi hadi nyuma. Akamwita mwenye ufunguo. Akaja Mama Kabedi, mwanamke wa makamo, mpole, asiyetumia maneno mawili pale ambapo moja linatosha. Ndiye anayeiendesha mashine, na ufunguo wa chumba ni mmoja tu, nao unakaa shingoni mwake kwenye uzi.

Nilipoiona mashine nilivua kofia. Ina ukubwa wa kabati la bibi harusi. Ni ya zama zile ambapo walitengeneza vitu kwa chuma wakidhani chuma hakitaisha. Juu, chini ya kioo cha kuwekea karatasi, kuna kioo kingine cha kujitazamia kilichoning'inizwa kwa springi na kulabu nne. Hicho ndicho kinachopeleka picha kwenye silinda. Chini yake kuna trei ya unga mweusi, na chini ya trei, sehemu ya joto, ambayo walikuwa hawaizimi usiku. Miguu ilikuwa na mpira zamani. Sasa ilikuwa na kumbukumbu ya mpira.

Kioo kilikuwa kimeanguka, trei imemwaga unga, unga umefika kwenye joto, na joto limeupika ukawa lami. Nilifungua, nikapangusa kwa pamba na spiriti, nikarudisha kioo kwenye kulabu zake, nikahesabu skrubu zote, kisha nikazihesabu tena. Jioni ilitoa nakala safi, herufi zimesimama kama askari. Nikamwambia shefu mashine ni nzima. Hakufurahi. Akasema nilale kwanza, karatasi yangu ataisaini kesho.

Jioni ile nilifika kwa Mzee Ramazani, fundi cherehani. Yeye ni Mwislamu, babu zake walitoka Maniema, na nyumba yake haijui mlango wa kufunga mgeni nje. Sebuleni kitambaa cha kijani kilikuwa kimejaa mpaka hakuna pa kuweka mguu. Aliniambia ni sare za kikundi cha animasyo cha biro, wale wanaoimba na kucheza nyimbo za Chama kila asubuhi kabla ya kazi. Wajumbe wa Chama wangekuja karibuni kuchagua kikundi bora, na biro ya mgodi ilikuwa imeapa kushinda. Mimi nilichosikia ni kitambaa tu. Nilimuuliza alikinunua kwa nani, tukabishana bei hadi bukari, ugali wetu, ikaletwa, naye akakubali kwamba alipunjwa, jambo lililomfurahisha kwa sababu alipata shahidi.

Jumatano asubuhi niliamka mapema niende kuchukua saini yangu. Mama Zaina, mke wa mzee, hakuniacha nitoke. Chai, kisha mikate, kisha uji, kisha chai iliyorudiwa kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imepoa nilipokuwa nakula uji. Nikijaribu kuinuka, mzee anasema, "Kaa, mwanangu. Mugeni haendake na njaa, bantu batasema nini juu yetu?" Nikafika biro saa tatu na nusu.

Mashine ilikuwa imekufa.

Kioo chini, trei imemwagika, lami mahali pale pale. Nilisimama nikaitazama, nayo ikanitazama. Nilichunguza mlango: hakuna alama. Dirisha lina nondo. Nilikagua skrubu moja moja kwa kidole: hakuna iliyoguswa na bisibisi, maana fundi anaijua skrubu aliyoikaza mwenyewe kama mama anavyojua fundo la nguo aliyomfunga mtoto. Hakuna panya. Umeme haukukatika. Kitu kilichokuwa kizima kilikuwa kimekufa ndani ya chumba kilichofungwa. Nilipoinama kuangalia chini zaidi, trei ilimalizia unga wake kwenye shati langu. Shati ndilo hilo nililowaambieni.

Shefu Mulunda alikuja akasimama nyuma yangu. Akaniuliza kama jana nilifanya kazi vizuri. Nikajibu, kwa kiburi cha fundi, kwamba kazi yangu haikuwa na kasoro.

"Basi jioni iko muzima," akasema polepole, "na asubuhi iko mufu. Na ufunguo ni moya."

Nikaona neno langu limekuwa kamba, na kamba inakwenda kwenye shingo yenye ule uzi. Shefu akasema sabotaji, yaani hujuma, si mchezo. Kama hadi Ijumaa sitaandika kwenye rapore, ripoti yangu ya kazi, sababu inayoeleweka, jina la Mama Kabedi litakwenda kwa wakubwa Lubumbashi katika barua ya mashtaka aliyokwisha kuiandika. Aliongea bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya mvua. Mama Kabedi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila kitu.

Mchana nilitengeneza tena. Yeye alinishikia pamba. Alipoona tumebaki wawili alinieleza maisha yake kwa maneno machache. Mume wake alifia chini, mgodini. Nyumba ni ya kampuni. Hawakumtoa kwa sababu walimpa kazi hii. Kazi ikiondoka, nyumba inaondoka nayo, na watoto wanne wako ndani. Nikamuuliza moja kwa moja kama kuna mtu anayemchukia, au anayeazima ufunguo. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza sasa ni nini. Akakunja pamba chafu ndani ya karatasi, akasema:

"Kesho, kuya mbele ya saa moya. Usikunywe chai ya bantu."

Nilirudi kwa Mzee Ramazani nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyotoka. Nilijaribu kupanga mambo kichwani. Kama ana hatia, kwa nini aniite nije kuona? Kama hana, kwa nini asiseme? Nilianza kufikiri mambo ambayo fundi hapaswi kuyafikiri, kama vile wafu wa mgodi na Wabelgiji waliofungia kitu chini ya zile mbao. Lakini kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kwa Mama Zaina. Kuomba ruhusa ya kuondoka bila chai katika nyumba ile ni kama kuomba talaka. Tulijadiliana. Alianza kwa kukataa, akashuka hadi kikombe kimoja, nikashuka hadi nusu mkate wa kutembea nao, na tukamaliza kwa makubaliano kwamba jioni nitakula mara mbili, mbele ya mashahidi. Niliyatimiza, na sitaki kuyazungumzia.

Alhamisi, kabla ya saa moja, nilikuwa uani mwa biro. Ukungu wa pumzi ulikuwa kwenye kila mdomo. Wafanyakazi wote, kutoka karani hadi mhasibu, walipandisha bendera, wakaimba kwa utulivu. Kisha shefu akakohoa, akaashiria mlango, na wote wakaingia ukumbini. Nilimuuliza mpishi wa chai aliyekuwa kando yangu kwa nini hawabaki uani. Akajibu zamani walikuwa wakichezea uani, lakini tangu baridi ianze shefu na kifua chake wamehamishia animasyo ndani.

Niseme mapema: ngoma ilikuwa nzuri. Sina la kulaumu katika ngoma ile, wala katika nyimbo, wala katika Chama. Ngoma tatu zilipigwa, watu arobaini wakajipanga kwa mistari, Mama Kabedi mbele kabisa kwa sababu sauti yake inabeba nyingine zote, na shefu mwenyewe katikati, abakosti na yote. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mikono. Wimbo wa pili ulikuwa wa mabega. Wimbo wa tatu ulikuwa wa miguu.

Mbao zile zilipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyekimbia. Mama Kabedi alikuwa ameuacha mlango wa chumba cha mashine wazi kidogo, na kwa macho yangu mawili niliiona mashine ikitembea. Kabati lile la chuma, ambalo wanaume sita hawalisogezi, lilikuwa linacheza, tena kwa mdundo sahihi kuliko mhasibu. Kulabu ya kwanza ikaachia. Ya pili. Kisha nikasikia kioo kikianguka, sauti ndogo tu, kama kijiko kwenye sahani, na wingu jeusi likainuka taratibu.

Nilikuwa nimesimama peke yangu bila kucheza. Hilo nililigundua kwa sababu watu kadhaa walikuwa wamelitambua kabla yangu. Shefu akaninyoshea mkono. Nikaingia mstarini. Nikapiga mguu pamoja nao, kwa bidii ya mgeni anayetazamwa, na goti langu likanikumbusha umri wake. Kwa hiyo Alhamisi ile, mashine niliyoitengeneza kwa mikono niliimalizia kwa miguu.

Baada ya hapo Mama Kabedi alifungua mlango kabisa, tukaingia, tukasimama mbele ya maiti yetu. Nilisema kwa sauti ya chini kwamba kumbe alikuwa anajua.

"Kila muntu anajua, fundi. Na bale benzako ba mbele, nabo balijua."

"Basi kwa nini hawakuandika?"

"Wewe utaandika?"

Nikatoa karatasi ya rapore. Kuna mstari mmoja unaosema: sababu ya kuharibika. Niliandika kichwani neno la kwanza, nikalifuta kichwani. Niliandika la pili. Fundi gani angepeleka kwa wakubwa karatasi yenye jina lake, inayosema kwamba nyimbo za Chama zinavunja mali ya taifa? Hapo nikawaelewa wenzangu wawili, mwenye kifua na mwenye mtoto wa miezi miwili. Nikaelewa pia kwamba kila mtu katika nyumba ile alikuwa amemwona mwizi, na mwizi huyo hakuna anayeweza kumkamata, kwa hiyo walikuwa wanamtafutia mtu wa kukaa mahali pake.

Nilikwenda kwa shefu kujadiliana. Maishani nimejadili bei ya mbuzi, ya matofali, ya mahari ya dada yangu. Sijawahi kujadili bei ya sababu. Nilianza na sakafu. Nilisema mbao za mkoloni zimechoka, hazishiki. Akapenda sehemu ya mkoloni. Lakini yeye ni msomaji wa karatasi hadi nyuma. Akauliza mbao zimechoka tangu lini. Nikasema tangu baridi ianze. Akauliza kabla ya hapo zilibeba nini, na sasa zinabeba nini. Nikaondoa sakafu mezani.

Nikaleta hoja ya kuhamisha mashine. Chumba chenye saruji ni kimoja tu, cha mishahara, na hakihamishwi bila barua kutoka Lubumbashi, na barua inahitaji sababu. Nikarudi pale pale.

Kisha nikasema, nikichagua maneno kama mtu anayechagua nyanya, kwamba mashine hii ni mzee. Kioo chake kikining'inia usiku kucha, springi zinachoka. Kwa hiyo kila jioni kioo kinatakiwa kishushwe, trei itolewe, vilazwe. Asubuhi, kazi ikishaanza, yaani si kabla ya saa mbili na nusu, virudishwe. Na mtu wa kufanya hivyo lazima awe mmoja aliyezoea mkono wa mashine, si wa kubadilishwabadilishwa.

Shefu Mulunda aliitazama karatasi. Akatazama sakafu. Akakohoa.

"Inalala," akasema.

"Inalala, shefu."

"Na asubuhi, wakati... wakati wa bendera, iko inalala?"

"Usingizi mzito."

Akavuta kalamu. Sijui mpaka leo kama alinielewa au aliniamini. Aliandika maneno yangu kwenye rapore herufi moja moja, akasaini, akaniambia tutaona kesho. Mchana ule niliitengeneza mashine mara ya tatu, na jioni Mama Kabedi akaishusha kioo na kuitoa trei.

Ijumaa asubuhi waliimba, wakacheza, na wimbo wa miguu uliimbwa mara mbili kwa sababu wajumbe walikuwa wamekaribia. Kioo kilikuwa juu ya rafu, kimefungwa kwenye kitenge cha Mama Kabedi kama mtoto mchanga. Mashine tupu ilicheza mpaka ikachoka. Saa mbili na nusu Mama akaingia na bisibisi zangu mbili, ambazo nilimwachia, akatundika kioo, akarudisha trei, akawasha. Nakala ya kwanza ilitoka safi. Shefu akaichukua, akaisoma mbele na nyuma, akairarua ile barua yenye jina la Mama mbele yetu sote, vipande vinne, kisha vinane. Mama Kabedi alirudi kwenye mashine, akaweka karatasi ya pili, na nilimwona anapangusa kioo mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Ijumaa mchana nilipanda lori la kurudi, lililobeba vitunguu kutoka ng'ambo ya mpaka. Kwenye bariere askari wangu alinitambua akaficha mikono yake mfukoni. Njiani nilijaribu kuweka sawa nilichojifunza. Nilikwenda nikitafuta mkono, nikakuta miguu, na yangu ikiwemo. Nimejifunza pia kwamba yule dereva alikosea nusu: mashine haina roho, kweli, lakini haina woga pia, kwa hiyo ndiyo pekee katika nyumba ile iliyosema kila asubuhi jambo ambalo wote tulilijua.

Leo ni Jumamosi. Nimetoka salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima, mikono bado ina udongo wa mtaro wa mtaa wa Hewa Bora tuliokuwa tunauzibua, na nilidhani safari imekwisha. Patron Ilunga amekuja mwenyewe hadi nyumbani kwangu, anatabasamu. Shefu Mulunda ameisifu rapore yangu kwa wakubwa wake. Biro nyingine za mgodi zina mashine tatu za aina ile ile, za umri ule ule, zimesimama juu ya saruji, na animasyo yao inafanyikia uwanjani. Hazijawahi kuugua hata siku moja. Wakubwa wanataka Jumatatu niende nikawafundishe waendeshaji jinsi ya kuzilaza. Na mmoja wao, mtu makini, ameuliza tayari: mbona zake hazilali, na bado ni nzima? Na kama zake hazihitaji kulala, ile ya Kipushi ilihitaji kwa nini?

Mnaona kinachofuata. Nikisema zile tatu zilazwe, zitavunjwa vioo kwa mikono isiyozoea kabla ya wiki kwisha, na watauliza nani alifundisha. Nikisema ziachwe, lile swali litarudi Kipushi kwa lori la kwanza, litapanda ngazi za mbao, litapita ukumbini, na litasimama mbele ya mwanamke mwenye ufunguo shingoni na watoto wanne katika nyumba ya kampuni.

Nimewaza tangu mchana. Nimepanga majibu mara mbili na yote mawili yananitazama vibaya. Kwa hiyo nawaomba ninyi, hasa wawili mliofika kule kabla yangu, mkaona nilichokiona, mkarudi kimya: mna kesho nzima ya kufikiri, na mimi nipo nyumbani. Njooni mniambie, kwa mdomo, si kwa karatasi, fundi anamjibu nini mtu anayeuliza kwa nini mashine yake haiumwi.